Bajeti ya Kukarabati Bafu: Anza na Kile Kitakachofunikwa

Mtu anayetaka kukarabati bafu ukimwuliza amefikia wapi, mara nyingi atakuonyesha picha ya vigae. Rangi ameshachagua, shawa ameshaiona dukani, na kioo anajua atakitundika ukuta upi. Mwulize bomba la maji taka lina kipenyo gani, au maji yanafika shawani kwa nguvu kiasi gani, atakaa kimya. Bajeti nyingi za bafu huvunjikia hapo. Vigae havimshtui mtu, maana bei yake iko wazi kabla hajalipa. Kinachomshtua ni kile anachokikuta baada ya kuvibandua vile vya zamani.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na mpangilio wa dukani. Fedha zinapangwa kwanza kwa vitu vitakavyofunikwa: mabomba, mteremko wa sakafu, tabaka la kuzuia maji, nyaya za umeme. Kinachobaki ndicho kinachonunua uzuri. Sababu yake ni ya kihesabu tu. Koki mbovu inabadilishwa kwa saa moja na hakuna kinachovunjwa. Kiungo cha bomba kinachovuja ndani ya ukuta kinakudai ubomoe vigae vizima, ulipe fundi bomba, kisha ulipe fundi vigae kwa mara ya pili, na bado hujui kama vigae vya rangi ileile vitapatikana.

Hatua ya 1: Amua ni ukarabati wa kiwango gani

Kuna viwango vitatu, na tofauti ya gharama kati yake ni kubwa kuliko tofauti kati ya vigae vya bei ya chini na vya bei ya juu.

Cha kwanza ni kufanya bafu lipendeze bila kubomoa: kukwangua grauti iliyooza (kile kijazio cha mistari kati ya vigae) na kuweka mpya, kuondoa silikoni ya kuzibia pembe iliyoota ukungu, kupaka rangi dari, kubadilisha koki, kifuniko cha choo, kioo na taa. Kama mabomba ni mazima na sakafu haivuji, kiwango hiki kinatosha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nakushauri ukifikirie kwa uzito kabla ya kushika nyundo.

Cha pili ni kubadilisha kila kitu lakini kila chombo kinabaki palepale kilipokuwa. Choo kipya kinakaa penye tundu la zamani, sinki jipya ukuta uleule.

Cha tatu ni kuhamisha. Hapa ndipo gharama zinaporuka, na mhusika mkuu ni choo. Kuhamisha sinki si kazi kubwa, kwa sababu bomba lake la maji taka ni jembamba, la milimita 32 hadi 40, na linaweza kupita ukutani. Bomba la choo lina milimita 100 au 110 na linahitaji mteremko. Ukiliwekea mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita na choo kikasogea mita 2, mwisho wa bomba utashuka sentimita 4. Jumlisha unene wa bomba lenyewe, unahitaji kina cha karibu sentimita 15 chini ya sakafu. Nyumba ya chini, unachimba. Kwenye ghorofa, ama unainua sakafu ya bafu kwa kidato, ama bomba linapita chini ya zege na kuonekana kwenye dari ya chumba cha chini. Kama huna sababu nzito ya kukihamisha choo, kiache kilipo, na fedha hizo zipeleke kwingine.

Hatua ya 2: Chunguza kabla hujaomba bei

Bei yoyote inayotolewa kabla ya uchunguzi ni ya kubahatisha, na hasara ya kubahatisha huko itakuangukia wewe. Vipimo vifuatavyo havihitaji fundi, na karibu vyote ni vya bure.

Funga koki zote ndani ya nyumba, soma mita ya maji, usiguse maji kwa saa mbili, kisha soma tena. Mita ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Kwa choo, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi lake na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, vali ya ndani ya tangi haifungi sawasawa.

Gonga vigae kwa mpini wa bisibisi, kimoja kimoja, sakafuni na ukutani hadi usawa wa shawa. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito, kilichoachia hulia kama kitu chenye uwazi ndani. Kimoja kimoja hapa na pale si neno. Eneo zima karibu na shawa likilia hivyo, tegemea kwamba maji yameshaingia nyuma na lipu italazimika kutoka pia. Halafu angalia sehemu tatu ambazo hazisemi uongo: miguu ya fremu ya mlango wa bafu, ukuta wa chumba cha jirani upande wa pili wa shawa, na dari ya chumba cha chini kama kipo. Mbao iliyolainika, rangi iliyovimba au doa la rangi ya chai ni ushahidi wa uvujaji ambao vigae vipya vitauficha tu.

Kisha pima maji. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua maji yote, hesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika moja, una lita 10 kwa dakika, na hiyo inatosha kuoga vizuri. Ikichukua dakika tatu, usinunue shawa pana ya kichwa kikubwa mpaka ujue tatizo liko wapi. Maji yanayoteremka kutoka kwenye tangi hupata nguvu ya takriban ba 1 (ba ni kipimo cha mgandamizo) kwa kila mita 10 za kimo. Tangi lililo mita 2 juu ya kichwa cha shawa linakupa ba 0.2 tu, wakati shawa nyingi za kisasa na koki za kuchanganya maji moto na baridi zimetengenezwa kwa ba 0.5 au 1 na zaidi. Utalazimika kununua pampu, na pampu inahitaji umeme, bomba na vali yake. Kipengele kizima cha bajeti kimezaliwa kutokana na ndoo moja.

Kama mabomba ya maji safi ni ya chuma ya zamani, nguvu ndogo ya maji huenda inatokana na kutu iliyoziba ndani. Mabomba hayo usiyaache chini ya vigae vipya. Na kama nyumba ni ya zamani na ina mabamba ya saruji au vigae laini vya plastiki usivyojua asili yake, usivivunje kabla ya kuhakikisha havina asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye vifaa vya ujenzi. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na kuiondoa ni kazi ya wataalamu yenye gharama yake.

Hatua ya 3: Pima, na vipimo viwe kwenye karatasi

Tuchukue bafu la mita 2 kwa mita 2.4. Sakafu ni mita za mraba 4.8. Mzunguko wa kuta ni mita 8.8. Ukipandisha vigae hadi mita 2.1, ukuta ni 18.48. Toa mlango wa 0.75 kwa 2.1 (ni 1.58) na dirisha la 0.6 kwa 0.6 (ni 0.36), unabaki na mita za mraba 16.5 hivi. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyokatwa na kuvunjika: 18.2. Vigae vya sentimita 30 kwa 60 vikiwa vinane kwenye boksi, boksi linafunika mita za mraba 1.44, kwa hiyo unahitaji maboksi 13. Ukipanga vigae kwa mshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10.

Sasa jaribu hesabu nyingine kwenye bafu lilelile. Vigae vifike mita 1.2 tu kuzunguka, isipokuwa kwenye kona ya shawa ya 0.9 kwa 0.9, ambako vinapanda hadi 2.1. Eneo linashuka hadi mita za mraba 11.3, na maboksi yanakuwa 9. Juu yake unapaka rangi inayostahimili unyevu. Umeokoa karibu theluthi ya vigae, na pia theluthi ya gundi, grauti na malipo ya fundi anayelipwa kwa mita, bila kugusa hata sehemu moja ambayo maji hupiga. Nikitafuta mahali pa kubana matumizi, naanzia hapa, maana ubora haupungui hata kidogo.

Pima pia umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la choo. Vyoo vingi vinavyotoa maji taka kwa chini vimeundwa kwa umbali wa takriban sentimita 30, lakini si vyote, na kuna vinavyotoa kwa nyuma kupitia ukutani. Umbali huo huhesabiwa kutoka kwenye uso wa kigae kilichokamilika. Ukipima kutoka kwenye lipu tupu, gundi na kigae vitakula sentimita moja na nusu, na choo ulichonunua hakitaingia.

Hatua ya 4: Andika gharama kutoka chini kwenda juu

Chukua daftari au jedwali la kompyuta, na uandike kila tabaka kwa mpangilio wa ujenzi wenyewe. Ukifuata mpangilio wa kazi, ni vigumu kusahau kitu.

*Kubomoa na kifusi.* Watu huandika "kubomoa" na kusahau kwamba kilichobomolewa lazima kiende mahali. Kwenye bafu letu la mfano, ukitoa sentimita 5 za sakafu na sentimita 2.5 za kuta, ni karibu mita ya ujazo 0.7, uzito wa zaidi ya tani moja, na kifusi kikivurugwa kinavimba hadi kufikia kama mita moja ya ujazo. Ni mifuko mingi, ni mtu wa kuibeba, ni gari na ni mahali panaporuhusiwa kumwaga. Ongeza karatasi za plastiki na maboksi ya kulinda sakafu ya vyumba vya kupitia.

*Maji safi na maji taka.* Mabomba, viungo, koki ya kufungia maji ya bafu zima (iwepo, tena mahali panapofikika), koki ndogo chini ya sinki na nyuma ya choo, mipira ya kuunganishia, tundu la sakafuni lenye chujio, na kiwiko kinachobaki na maji ili harufu isirudi. Bomba la maji taka la shawa liwe la milimita 50. Vitu hivi ni vidogo na vingi, na ndivyo vinavyompeleka fundi dukani mara kwa mara kwa fedha "za dharura" ambazo hazikuwa dharura hata kidogo. Mwombe aviandike vyote mapema.

*Umeme na hewa.* Hita ya kupasha maji papo hapo yenye wati 5,500 kwenye umeme wa volti 230 inavuta karibu ampea 24. Haiwezi kuchukua umeme kwenye waya wa taa. Inahitaji waya wake mnene na breka yake kwenye boksi la umeme, na boksi likiwa limejaa, nalo linabadilishwa. Hita ya tangi inavuta umeme kidogo kuliko hiyo, ila tangi la lita 80 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 80, na si kila ukuta unaubeba. Bafu zima liwe chini ya kifaa cha kinga kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Taa za karibu na maji ziwe na daraja la IPX4 au zaidi, yaani zinastahimili kurushiwa maji. Feni ya kutoa hewa huchaguliwa kwa ujazo wa chumba: bafu letu likiwa na kimo cha mita 2.4 lina mita za ujazo 11.5, na ukitaka hewa ibadilike mara nane kwa saa, unatafuta feni ya takriban mita za ujazo 92 kwa saa, au kubwa kidogo kama njia ya hewa ni ndefu. Dirisha zuri linalofunguka linaweza kukuondolea gharama hii yote.

*Sakafu, lipu na kuzuia maji.* Hapa sibani hata senti. Sakafu inateremka kuelekea tundu kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na mteremko unatengenezwa kwenye saruji. Fundi anayekuambia "tutaurekebisha kwa gundi" anakuandalia dimbwi. Juu ya saruji hupakwa tabaka la kuzuia maji, angalau mara mbili, la pili likipishana na la kwanza, na kwenye pembe za ukuta na sakafu huwekwa utepe wa kuimarisha. Sakafu nzima ipakwe, kuta za shawa hadi mita 2, na kuta nyingine sentimita 20 kutoka chini. Kwa bafu letu ni takriban mita za mraba 10 tu. Linganisha na vigae na utaona kwamba tabaka hili linachukua sehemu ndogo ya fedha zote. Grauti na kigae havizuii maji peke yake: maji hupita kwenye mistari ya grauti polepole, siku baada ya siku.

*Vigae.* Vya porselini vinanyonya maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake na vinafaa sakafuni. Vigae vya kauri vya ukutani vinaweza kunyonya zaidi ya asilimia 10, na kazi yake ni ukutani tu, ambako havikanyagwi. Kwa sakafu tafuta alama ya kutoteleza ya R10 au zaidi. Usisahau gundi (kadiria kilo 4 hadi 6 kwa mita ya mraba), grauti, misalaba ya plastiki ya kupangia, vipande vya kona vya alumini au plastiki, na silikoni. Vigae vikubwa sana kwenye sakafu ya shawa vina tatizo lake: mteremko wa pande nne kuelekea tundu la katikati hauwezekani bila kuvikata kata. Ama utumie vidogo, ama ununue mfereji mrefu wa ukutani unaoruhusu mteremko wa upande mmoja, nao una bei yake.

*Vyombo na kumalizia.* Choo, sinki, shawa, koki, kioo, vishikio vya taulo, dari, rangi, mlango. Hii ni sehemu ambayo kila mtu anaijua, kwa hiyo sitaisemea sana. Neno moja tu kuhusu choo: chenye kuvuta kwa viwango viwili, lita 3 na lita 6, kinaokoa maji kila siku, na kama unalipia maji kwa mita, tofauti ya bei yake itarudi.

*Gharama zisizo za ujenzi.* Vibali pale vinapohitajika, usafiri wa vifaa, na maisha yenu wakati bafu halipo. Kama ni bafu la pekee nyumbani, amua mapema mtaoga wapi na mtatumia choo kipi. Kwenye kiwango cha pili, wiki mbili hadi nne ni matarajio ya kawaida, kwa sababu saruji na tabaka la kuzuia maji vinahitaji muda wa kukauka ambao hauwezi kununuliwa kwa kuongeza vibarua.

Hatua ya 5: Gawa fedha kwa mafungu

Chukua fedha zote ulizonazo na kwanza kabisa toa akiba ya dharura. Wengi wanaiongeza mwishoni, "kama itabaki," na haibaki. Kwa nyumba ambayo mabomba yake unayafahamu, asilimia 10 inatosha. Kwa nyumba ya zamani au iliyoonyesha dalili kwenye hatua ya pili, weka 20. Kwa asilimia 15, gawanya fedha zote kwa 1.15: ukiwa na fungu 100, unapangia kazi 87, na 13 hazijulikani kwa mtu mwingine yeyote, fundi akiwemo.

Kiasi cha kazi sasa kigeuze kuwa mafungu 100 mapya. Kwa ukarabati wa kiwango cha pili, vifaa na ufundi pamoja, mgao wangu wa kuanzia ni huu:

- Kubomoa, kifusi na ulinzi wa nyumba: 8
- Mabomba ya maji safi na maji taka: 17
- Umeme na hewa: 8
- Sakafu, lipu na kuzuia maji: 15
- Vigae, vifaa vyake na ufundi wake: 25
- Vyombo: 20
- Dari, rangi, mlango, kioo na vidogo vidogo: 7

Jumlisha nne za juu: ni 48. Karibu nusu ya fedha inakwenda kwenye vitu ambavyo mgeni hataviona. Si sheria, na bei za ufundi hutofautiana sana kutoka mahali hadi mahali, lakini unaupata ulinganifu. Ukikuta bajeti yako ina 70 kwenye vigae na vyombo, usifurahi bado. Huenda kuna tabaka ulilolisahau, au kuna mtu ameamua kulipunguza bila kukwambia.

Hatua ya 6: Omba makadirio yanayoweza kulinganishwa

Makadirio ya mstari mmoja, "bafu lote, kiasi fulani," hayakusaidii kitu. Mpe kila fundi karatasi ileile yenye vipimo vyako na orodha ya hatua ya nne, na umwombe ajaze bei ya kila mstari, ufundi mbali na vifaa. Tafuta watatu. Baada ya hapo unaweza kuona kwamba wa kwanza ana bei ndogo kwa sababu hakuandika kifusi, na wa pili amehesabu kizuia maji cha kona ya shawa peke yake. Hapo wahenga walikuwa wameona mbali: rahisi inavunja upishi.

Maswali manne ya kuuliza kila mmoja. Kizuia maji unapaka mara ngapi, na unakipimaje? Bomba unalijaribu vipi kabla ya kulifukia? Kigae kikivunjika mkononi mwako, nani analipa? Nani anabeba kifusi? Fundi mzuri anajibu bila kukunja uso, na mara nyingi anakuuliza maswali zaidi ya hayo. Anayekasirikia maswali kabla ya kazi atakuwa mgumu zaidi baada ya kupokea fedha.

Hatua ya 7: Nunua kwa mpangilio wa kazi

Vitu vinavyoingia ukutani vinunuliwe kabla ya fundi bomba kuanza, hata kama vitafungwa mwishoni. Koki ya shawa ya kufichwa ina mwili unaofukiwa ndani ya ukuta, na kila aina ina kina na nafasi yake. Choo nacho kiwepo, au angalau karatasi ya vipimo vyake. Fundi akifanya kazi kwa makisio, utakuja kulazimisha vifaa vifuate makisio hayo.

Vigae vinunuliwe vyote siku moja, na hakikisha namba ya toleo kwenye kila boksi ni moja. Vigae vya jina lilelile kutoka matoleo mawili vinaweza kupishana rangi, wakati mwingine hata ukubwa kwa milimita. Weka boksi moja lisilofunguliwa baada ya kazi. Uliza pia kama duka linapokea maboksi yaliyobaki, na kwa muda gani.

Kuna pendekezo utakalolisikia: kubandika vigae vipya juu ya vya zamani ili kukwepa kubomoa. Ukutani, kama vya zamani vyote vimelia vizuri ulipovigonga, nakubali. Kwenye sakafu ya shawa hapana. Sakafu inapanda karibu sentimita moja na nusu, mlango unagusa, maji yanatafuta njia ya kutokea chumbani, na uvujaji wa zamani unabaki pale chini ukiendelea na kazi yake.

Hatua ya 8: Lipa kwa hatua zilizojaribiwa

Malipo ya awali yasizidi theluthi ya ufundi. Vifaa, kama unaweza, vinunue mwenyewe au ulipe duka moja kwa moja. Yaliyobaki yafungwe kwenye majaribio, si kwenye tarehe.

Jaribio la kwanza ni la mabomba ya maji safi, kabla ya lipu. Yanazibwa, yanajazwa maji kwa mgandamizo wa pampu ya mkono, na kipimo kinaachwa kwa saa kadhaa. Mshale ukishuka, kuna kiungo kinachovuja, na wakati huo kukirekebisha ni kazi ndogo. Piga picha za kuta zote zikiwa wazi, ukiweka futi ya kupimia ionekane. Utakapotaka kutoboa ukuta kutundika kioo, utazitafuta.

La pili ni la kizuia maji. Kikishakauka kwa muda ulioandikwa kwenye ndoo yake, ziba tundu la sakafuni, weka kizuizi mlangoni, jaza maji ya kina cha sentimita chache na uache saa 24. Weka alama ya usawa ukutani. Chunguza chumba cha chini na kuta za nje. Usiruhusu kigae kimoja kubandikwa, na usilipe awamu ya vigae, mpaka jaribio hili lipite. Fundi akisema ni kupoteza siku, siku hiyo uilipie wewe, bado utakuwa umepata faida.

La tatu ni la mteremko baada ya vigae: mwaga ndoo ya maji mbali na tundu, rudi baada ya dakika kumi. Yasibaki madimbwi.

Kila badiliko katikati ya kazi liandikwe kabla ya kufanywa, likiwa na bei na athari kwenye muda, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu unaojibiwa "sawa." Na hapa akiba ya dharura inahitaji ulinzi. Iguse kwa jambo ambalo lisipofanywa kazi haiwezi kuendelea salama: bomba lililooza, lipu iliyoachia, zege lenye ufa. Shawa nzuri zaidi uliyoiona jana si dharura. Baada ya majaribio matatu kupita, akiba iliyobaki ni yako, nunua shawa hiyo ukipenda.

Daftari liwe na safu tatu kwa kila mstari: uliyokadiria, uliyolipa, na tofauti. Lijaze jioni ya siku uliyolipa, risiti ikiwa bado mfukoni. Mstari ukizidi kwa sehemu ya kumi, simama na utafute mstari mwingine wa kupunguza siku hiyohiyo, tena utafute upande wa vitu vinavyoonekana.

Mwisho, shikilia asilimia 5 hadi 10 ya malipo ya ufundi kwa mwezi mmoja wa matumizi, jambo ambalo mmekubaliana na kuliandika tangu siku ya kwanza. Mwezi huo tumieni bafu kama kawaida, na kila dosari iandikwe: koki inayodondosha, silikoni iliyoachia, kigae kinacholia, harufu kwenye tundu la sakafuni. Mwite fundi mara moja kwa orodha nzima, akamilishe, soma mita ya maji koki zote zikiwa zimefungwa kama ulivyofanya kwenye hatua ya pili, kisha mmalizie fedha yake.